Hedhi Imekatika Tangu Uanze Mazoezi? Usisubiri

Asubuhi barabarani wanawake wanaokimbia ni wengi kuliko zamani, na kumbi za mazoezi zimejaa. Nafurahi sana. Ila wanaofika kliniki ya lishe wengi hufika wamechelewa. Mguu unauma, nywele zinakatika, usingizi hauji, na hedhi ilishakoma miezi mingi nyuma. Huja kwa ajili ya mguu, na habari ya hedhi haitajwi mpaka niulize. Haya ndiyo maswali yao.

Najiandaa kwa mbio za kilomita 21. Sijaona siku zangu kwa miezi minne, na wenzangu wanasema ni mazoezi tu. Ni kweli?

Hapana. Mwanamke anayekula vya kutosha anaweza kufanya mazoezi mengi na hedhi yake ikaendelea kama kawaida. Hedhi hukatika pale chakula kinapozidiwa na kazi ya mwili. Kwanza pima mimba, hata kama una hakika huna. Ikiwa huna mimba, hunyonyeshi, hutumii uzazi wa mpango wa homoni, na miezi 3 imepita bila hedhi, nenda hospitali. Nenda wiki hii, kabla ya hizo mbio.

Mwalimu wangu wa mazoezi anasema hedhi ikikata ni dalili kwamba mwili umekaa sawa kimichezo.

Amekosea, na kosa hilo linavunja watu mifupa. Mkimbiaji wa Marekani Mary Cain alieleza hadharani mwaka 2019 jinsi alivyoshinikizwa apungue uzito. Alikosa hedhi kwa miaka 3 na akavunjika mifupa 5. Alikuwa msichana mwenye kipaji kikubwa na makocha wa kiwango cha juu, na bado yalimkuta. Anayekuambia kukosa hedhi ni ushindi, mshukuru kwa mazoezi yake, lakini habari za tumbo lako la uzazi peleka kwa daktari.

Chakula na hedhi vinahusiana vipi?

Mwili unaopata kidogo hufanya kama nyumba ambayo mshahara umepungua: kodi na umeme hulipwa kwanza, ukarabati unasubiri. Moyo na ubongo vinapewa nguvu, uzazi unawekwa kando. Ubongo hupunguza ishara zinazoamsha mayai ya uzazi, na homoni ya estrojeni inashuka. Estrojeni hiyo ndiyo inayolinda mifupa. Ikishuka, mifupa hupungua uimara kimyakimya, katika umri uleule ambao ungekuwa unajiwekea akiba, maana mifupa huendelea kuimarika mpaka karibu na miaka 30. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina la upungufu wa nishati kwa wanamichezo, na ikaeleza kwamba haiishii kwenye hedhi. Inagusa moyo, kinga, utumbo na hisia, na wanaume pia huipata.

Lakini mimi si mwembamba. Nina kilo zangu za kutosha.

Haijalishi. Mizani haionyeshi kama jana ulikula vya kutosha kwa kilomita ulizokimbia. Nimewaona wenye miili minene ambao hedhi imekatika kwa sababu ya kujinyima. Walichelewa zaidi kuliko wembamba, kwa kuwa kila mtu aliwapongeza. Mwili mnene na miezi 3 bila hedhi: nenda hospitali vilevile.

Mbona mimi nakula vizuri tu?

Huwa naomba nisimuliwe siku nzima ya jana. Aghalabu inakuwa hivi: maji ya ndimu alfajiri, kisha mbio. Saa nne chai ya rangi bila sukari. Mchana yai la kuchemsha na kachumbari. Jioni vipande viwili vya tikiti, kwa sababu "usiku wanga hauliwi". Msimuliaji huyo ameamka saa kumi na moja, amekimbia, ameshinda kazini amesimama, kisha amerudi kupikia familia ugali ambao yeye hakuugusa. Dada yangu, huko siko kula vizuri, hata kama kila kilichomo kwenye sahani ni safi.

Basi nile nini?

Sitakupa hesabu ya kalori. Wengi wanaokaa mbele yangu tayari wanahesabu kupita kiasi. Rudisha wanga katika kila mlo: ugali, wali, viazi, ndizi za kupika, mihogo. Kabla ya mbio ndefu kula kitu, hata kama ni ndizi mbivu na chai yenye maziwa. Ukirudi usikae mpaka mchana, kula mapema, na chakula kiwe na maharage, dengu, mayai, samaki au nyama. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni hazina ya kalsiamu, na maziwa au mtindi vivyo hivyo. Weka mafuta, karanga, parachichi, nazi. Chai iachie nafasi ya saa moja hivi mbali na mlo, kwani hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, na mwanamke anayepata hedhi anahitaji chuma kingi kuliko mwanamume.

Anayefunga Ramadhani apunguze ukali wa mazoezi na ayasogeze karibu na futari, na daku asiiruke.

Nikila chapati, kesho yake nakimbia zaidi ili kuifidia. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa. Chapati si deni. Ukianza kuona chakula ni kosa na mazoezi ni adhabu, umeshaingia njia ambayo wengi hawatoki peke yao. Hatua inayofuata nimeiona mara nyingi mno: kujificha kula, kujitapisha, au kunywa chai za kupunguza mwili zinazouzwa mitandaoni. Nyingi zina sanamaki, nayo ni dawa ya kuharisha. Kinachopungua kwenye mizani ni maji na choo, mafuta yanabaki palepale, huku potasiamu ikipotea, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Tafadhali acheni chai hizo. Unayejitapisha, mwambie daktari au muuguzi waziwazi. Ni ugonjwa, una matibabu, na hakuna wa kukucheka.

Ugoko unauma nikikimbia. Nipake dawa ya misuli niendelee?

Usiendelee. Maumivu yaliyo mahali pamoja, ukibonyeza mfupa unashtuka, yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Picha ya eksrei ya mwanzoni inaweza isiuonyeshe, kwa hiyo kuambiwa "picha ni safi" kusikurudishe barabarani kama bado unaumia. Maumivu kwenye kinena au nyonga ni ya hatari zaidi: simamisha mbio siku hiyohiyo na uende hospitali. Na kama pamoja na maumivu huna hedhi, sema yote mawili. Ukitaja mguu tu, utatibiwa mguu tu.

Duka la dawa walinipa vidonge vya uzazi wa mpango na hedhi imerudi. Nimepona?

Hujapona. Damu hiyo inaletwa na vidonge, wala haimaanishi kwamba mwili wako umeamka, na mifupa hailindwi ipasavyo. Umefunika dalili na njaa ipo palepale. Miezi 3 bila hedhi unaenda hospitali, si duka la dawa.

Bila hedhi siwezi kushika mimba, si ndiyo?

Unaweza. Yai hutoka kabla damu haijaonekana. Tumia kinga.

Nikifika hospitali niseme nini?

Taja tarehe ya mwisho uliyoona hedhi, unafanya mazoezi siku ngapi kwa wiki, umepungua kiasi gani, na unakula nini hasa, bila kuremba. Watapima mimba, wingi wa damu, tezi ya shingo na homoni nyingine. Ukiambiwa "punguza mazoezi tu, itarudi" bila kuulizwa unakula nini, omba kuonana na mtaalamu wa lishe. Hedhi inaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi, hata ukila vizuri, kwa hiyo usikate tamaa mwezi wa pili ukarudia tikiti la jioni.