Petroli inaelea, sawa. Sasa nisikilize

Juzi tena. Mtaa mmoja wa Mtwara mjini, jua la saa saba, nimepiga magoti kwenye kisima cha watu kinachoshukiwa kuingiwa na petroli iliyovuja kwenye tangi la sheli, mkononi nina dipa, utepe wa kupimia kina cha maji. Mzee wa nyumba akanisogelea na ushauri wake: "Fundi, mafuta si yanaelea? Mwambie huyu mama aunge kamba, ndoo izame mpaka chini, atapata maji safi." Waliokaa mkekani wakaitikia. Nimeshausikia Mikindani, nimeshausikia Lindi, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimeusikia kwa mtu mwenye digrii.

Kuhusu kuelea, mzee hajakosea. Lita ya petroli ina gramu 740 hivi, ya maji ina 1,000. Kosa ni kuidhania petroli kitu kimoja, kama samli. Ni mchanganyiko wa kemikali mamia, na baadhi yake huingia majini bila kuaga. Mbaya wao ni benzini. (Simaanishi petroli yenyewe, benzini ni mmojawapo tu wa waliomo, mara nyingi kama asilimia 1.) Petroli ikikaa juu ya maji, benzini hushuka humo kama rangi inavyotoka kwenye majani ya chai, na yanayogusana nayo yanaweza kufikisha miligramu 10 kwa lita, hata kuzidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01. Ndoo ya chini imeepa utando tu.

Msiniambie pia kwamba hayanuki. Benzini peke yake huanza kusikika puani ikifika kama miligramu 10 kwa lita, mara elfu ya kikomo hicho. Harufu unayoipata kisimani ni ya wenzake. Kuchemsha? Itakayotoka kwenye sufuria utaivuta jikoni. Dawa ya maji ni ya vijidudu. Na "tangi lilishang'olewa, sheli ilifungwa zamani, pale sasa pana banda la chipsi" halinisaidii: kilichovuja hakikupakiwa kwenye lori pamoja na tangi.

Ila kinachonitoa jasho hasa ni "masika yamekisafisha kisima."

Huku kusini mvua ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi. Katika kisima kimoja cha uchunguzi, hatua chache kutoka lilipokuwa tangi, niliteremsha beila (mrija wa kuchotea maji, wenye goroli chini ya kuyazuia yasimwagike) mwezi wa Oktoba. Ikapanda na vidole viwili vya petroli juu, rangi ya chai kavu, na harufu iliyomfanya kijana wangu arudi nyuma. Machi, kisima kilekile, beila ikapanda na maji matupu, unaona goroli kule chini. Mwenye kiwanja akashukuru Mungu, akataka barua ya kusema pamesafika.

Sikuandika. Maji yalipopanda, petroli ilibaki humohumo, imenaswa kati ya chembe za mchanga, matone matone yaliyozingirwa na maji. Matone ya namna hiyo hayatiririki, kwa hiyo hayaingii kisimani, lakini sasa yanaguswa na maji pande zote na yanaendelea kuyeyuka. Kiangazi maji yakishuka yanaungana tena, yanatiririka, na Oktoba unashangaa yametoka wapi. Kila mwaka hupanda na kushuka hivyo, yakiupaka mchanga kimo chote ambacho maji hupita. Ukiniletea kipimo cha Machi peke yake, nitakurudishia na chai nikupe. Na vile vidole viwili msivizidishe kwa ukubwa wa kiwanja mkapata lita: petroli hujikusanya kisimani, mara nyingi ikawa nene kuliko ilivyo kwenye mchanga wa pembeni.

Sasa langu. Vitabu vinasema chimba visima vitatu, pima usawa wa maji, chora pembetatu, utapata mshale wa kule maji yanakokwenda. Karibu na bahari, kwenye mawe ya matumbawe, mshale una vituko. Maji hupita nyufani, na bahari ikijaa visima navyo hupanda. Siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, mshale wangu ulielekea upande mmoja. Siku ya maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, ukageuka karibu robo ya duara. Kwenye ripoti niliweka wastani. Ulipendeza sana kwenye ramani. Mimi mwenyewe siuamini, na ndiyo maana niliomba kisima cha nne, ambacho hakuna aliyetaka kukilipia.

Kwa mama mwenye kisima nilijaza zile chupa ndogo za mililita 40 mpaka mdomo ukavimba maji. Nikafunga, nikapindua, nikagonga kwa kidole. Kiputo. Benzini hukimbilia kwenye hewa, kwa hiyo nikamwaga, nikajaza upya. Mzee akatazama nikirudia mara tatu, akatikisa kichwa. Chupa zikaingia kwenye barafu, kuluboksi likapanda basi la Dar alfajiri. Mama nilimwambia achote kwa jirani wa upande wa juu, ambaye naye nimempima, mpaka majibu yarudi.

Nitarudi Oktoba, maji yakishuka. Mzee ameahidi kuninunulia kamba ndefu.