Ushuru wa simu na kompyuta: yanayosemwa Ngamiani na yaliyomo kwenye sheria

Ukizunguka maduka ya simu ya Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, bei ikipanda utapewa jibu moja: "Ushuru umepanda, kaka." Mteja anashusha pumzi, analipa au anaondoka. Haulizi ni ushuru gani, umepandishwa na nani, wala kwa mamlaka ipi. Muuzaji naye mara nyingi hajui. Kazi yangu ni kuandaa nyaraka za forodha hapa Tanga, na linaloniuma kuliko yote ni kuona mfanyabiashara mdogo wa vifaa vya kielektroniki analipa asichodaiwa kwa sababu anaamini jambo ambalo sheria haijalisema popote. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara, na ukweli wake.

Dhana: Afisa wa forodha ndiye anayepanga kiwango

Hapana. Afisa hana kalamu ya kupanga kiwango. Kazi yake ni kuhakiki thamani ya mzigo, na kuhakiki kila bidhaa iko kwenye mstari upi wa kitabu cha ushuru. Ukishajua mstari, kiwango tayari kimeandikwa pembeni yake.

Mamlaka ya kutoza yanaanzia juu kabisa. Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliotiliwa nguvu na sheria hiyo. Upande wa forodha, Tanzania, Kenya na Uganda zilitia saini Itifaki ya Umoja wa Forodha mjini Arusha tarehe 2 Machi 2004, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2005. Kuanzia hapo viwango vya bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya vinapangwa kwa pamoja, na taratibu zote zinafuata Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004.

Mwanzoni madaraja yalikuwa matatu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Tangu tarehe 1 Julai 2022 limeongezwa daraja la nne, la asilimia 35.

Dhana: Basi Waziri wa Fedha akiamka vibaya anapandisha

Hili nalo linasemwa sana kila Juni, bajeti ikisomwa Dodoma. Waziri anasoma hotuba, watu wanadhani yeye ndiye ameamua peke yake.

Kwa kodi za ndani kama VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na ushuru wa bidhaa, anayeamua ni Bunge, kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka husika. Kwa ushuru wa forodha, mawaziri wa fedha wa nchi wanachama hukutana kabla ya bajeti, makubaliano yao yanapita kwenye Baraza la Mawaziri la Jumuiya na kuchapishwa kwenye Gazeti la Jumuiya. Nchi inaweza kuomba isitumie kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani kwa mwaka mmoja, itumie chake. Ndiyo maana bidhaa ileile inaweza kutozwa tofauti ikiingia kwa Horohoro, mpakani kwetu na Kenya, na ikiingia kwa Mombasa, na wala si kwamba kuna mtu amekuonea. Angalia tangazo la mwaka huo. Tangazo la mwaka jana halikusaidii, kwa sababu ruhusa nyingi za namna hii muda wake ni mwaka mmoja tu.

Dhana: Kompyuta ni ghali kwa sababu ya ushuru wa forodha

Hapa naomba msomaji atulie, maana hapa ndipo pesa inapopotea.

Kompyuta, pamoja na kompyuta mpakato, zimewekwa kwenye daraja la asilimia 0 la ushuru wa pamoja. Ushuru wa forodha wake ni sifuri. Unachokutana nacho bandarini ni VAT ya asilimia 18, pamoja na tozo nyingine kama ile ya maendeleo ya reli. Hizo zina sheria zake tofauti, na ukizichanganya zote ukaziita "ushuru" huwezi kujua ipi ya kuhoji.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mzigo una thamani ya shilingi 1,000,000, ikijumuisha bei ya kununulia, bima na nauli ya kuufikisha. Ukiwa ni kompyuta mpakato, ushuru wa forodha ni 0 na VAT ni 180,000. Ukiwa ni bidhaa ya daraja la asilimia 25, ushuru ni 250,000, na VAT haipigwi kwenye milioni moja tena, inapigwa kwenye 1,250,000, yaani 225,000. Jumla 475,000 kabla ya tozo nyingine. Kwa hiyo kosa la kuweka bidhaa kwenye mstari usio wake linakugharimu mara mbili, kwenye ushuru na kwenye VAT inayopigwa juu ya ushuru huo.

Na makosa hayo yanaanzia kwenye karatasi za mfanyabiashara mwenyewe. Boksi moja limetoka Guangzhou, ndani mna chaja, spika ndogo, kadi za kumbukumbu na makava ya plastiki. Orodha ya mzigo imeandikwa maneno mawili tu: "vifaa vya simu". Kwenye kitabu cha ushuru hakuna bidhaa inayoitwa vifaa vya simu. Chaja iko kwenye kichwa cha 85.04, spika na visikilizio 85.18, kadi ya kumbukumbu 85.23, na kava la plastiki linatoka kabisa kwenye sura ya umeme na kwenda sura ya 39, ya plastiki. Kila mstari una namba ya tarakimu nane na kiwango chake. Afisa aliyepewa maneno mawili atafanya nini? Atafungua boksi, au atatumia mstari unaoilinda serikali. Mwambie anayekuuzia akuandikie kila kitu kwa jina lake, idadi yake na bei yake. Hakudai hata senti kwa hilo.

Kuhusu thamani pia: sheria inaanza na bei uliyolipa kweli, ikithibitishwa na ankara na ushahidi wa malipo. Afisa akiitilia shaka anapaswa kukupa nafasi ya kueleza kabla ya kwenda kwenye njia nyingine za kukadiria, na njia hizo zinafuatana kwa mpangilio, si za kuchagua. Lakini ukileta ankara ya uongo, iliyoandikwa nusu ya bei, umeitupa kinga hiyo mwenyewe, na hapo umeshaingia kwenye kosa la jinai.

Dhana: Kodi ikifutwa, bei lazima ishuke

Tulilishuhudia. Bajeti ya 2021 ilisamehe VAT kwenye simu janja, vishkwambi na modemu ili watu wengi zaidi waingie kwenye intaneti. Mwaka uliofuata, 2022, msamaha ukaondolewa.

Watu wengi hawaelewi kuwa bidhaa iliyosamehewa VAT inamnyima muuzaji haki ya kurejeshewa VAT aliyolipa kwenye gharama zake nyingine za kuendesha biashara hiyo. Gharama hiyo inabaki mgongoni mwake, na mwisho inarudi kwenye bei. Ongeza dola iliyopanda, nauli ya meli, na mzigo wa zamani dukani ambao ulishalipiwa VAT kabla ya msamaha. Punguzo linamegwa njiani kabla halijamfikia mama wa Makorora anayetaka simu ya mwanawe wa chuo. Mimi naamini msamaha ule ulikuwa na nia njema, na naamini ungehitaji muda zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuhukumiwa.

Dhana: Kikinunuliwa Mombasa ni cha Afrika Mashariki, Horohoro kinapita bure

Kinachopita bila ushuru wa forodha ni bidhaa yenye asili ya Jumuiya, kwa kanuni za uasilia wa bidhaa. Simu iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Kenya kwa kukaa kwenye rafu ya duka la Mombasa. Kile cheti rahisi cha uasilia wanachopewa wafanyabiashara wadogo kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Tena kinaondoa ushuru wa forodha tu, hakigusi VAT.

Mzigo wa Pemba na Unguja ni jambo jingine. Ushuru wa forodha ni suala la Muungano na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ndiyo inayoukusanya pande zote mbili, lakini VAT ya Zanzibar ina sheria yake. Anayeleta vifaa kwa jahazi atunze nyaraka za malipo ya kule. Na anayeshawishiwa kushusha usiku kwenye bandari bubu, huku kwenye pwani yetu ya mikoko, ajue kuwa mzigo wa magendo unataifishwa, pamoja na chombo kilichoubeba.

Dhana: Trump ametupandishia simu Tanga

Ushuru wa Marekani unatozwa kwenye bidhaa zinazoingia Marekani, na anayeulipa forodhani ni mwagizaji wa Marekani, si China wala India. Simu za Tecno, Infinix na itel zinazojaa maduka yetu ni za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, ambayo soko lake kubwa ni Afrika. Haziendi Marekani ndipo zije kwetu. Athari zinaweza kutufikia kwa njia ya mzunguko, kwa mfano viwanda vikihama, lakini si kwa ushuru ule wenyewe.

Yaliyotokea kule, hata hivyo, yana somo kubwa kuhusu mamlaka. Katiba ya Marekani inalipa Bunge lao, Congress, mamlaka ya kutoza ushuru. Mwaka 2025 Rais Donald Trump alitangaza ushuru mpana kwa kutumia sheria ya dharura za kiuchumi ya mwaka 1977. Apple ilisema ushuru uliigharimu takriban dola milioni 800 kwenye robo moja ya mwaka 2025, ikaelekeza simu nyingi za soko la Marekani zitoke India. Simu janja na kompyuta zilipata nafuu Aprili mwaka huo, zilipoondolewa kwenye sehemu ya ushuru huo.

Waliokwenda mahakamani, hata hivyo, hawakuwa wakubwa hao. Walikuwa ni mwagizaji wa mvinyo wa New York, V.O.S. Selections, kampuni ya vifaa vya kujifunzia watoto ya Illinois, Learning Resources, na wenzao. Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliwapa ushindi kina V.O.S. tarehe 28 Mei 2025, mahakama ya rufani ikaunga mkono Agosti kwa kura 7 kwa 4, na Februari 2026 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 6 kwa 3 kwamba sheria ile ya 1977 haimpi rais mamlaka ya kutoza ushuru. Rais akageukia sheria nyingine, ya mwaka 1974, ambayo ina ukomo: asilimia 15 na siku 150, labda Congress iongeze. Wenye maduka madogo ya Tanga wanaoniambia "sisi ni nani hata tuhoji" ningependa wakisome kisa hiki mara mbili.

Dhana: Programu na sinema za mtandaoni zinalipiwa ushuru wa forodha

Kinachopakuliwa hakipiti bandarini. Kinachotozwa ni VAT kwa huduma za kielektroniki za watoa huduma walio nje, na kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 2 iliyoanza Julai 2022, inayolipwa na kampuni ya nje yenyewe.

Dhana: TRA ikishaandika, imeandika

Sheria ya Usimamizi wa Forodha, kifungu cha 229, inampa mtu aliyeguswa na uamuzi wa forodha siku 30 kuomba kwa maandishi upitiwe upya. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, kwa maandishi na kwa sababu. Asipojibu ndani ya muda huo, ombi linahesabiwa limekubaliwa. Hilo limo kwenye sheria yenyewe, na karibu kila ninayemwambia anadhani namfariji tu.

Usiporidhika na jibu, una siku 45 kwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na kwa hoja za kisheria Mahakama ya Rufani. Hata nchi nzima inaweza kushtakiwa: Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua dhidi ya Uganda, iliyokuwa ikitoza ushuru wa juu zaidi sigara zilizotengenezwa Kenya.

Najua kinachowavunja watu moyo. Mzigo ukikaa, gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku, na mwenye duka anaona bora alipe yaishe. Kwa hiyo kazi ifanyike kabla mzigo haujapanda meli. Sheria inaruhusu kuomba uamuzi wa awali kwa maandishi, forodha ikueleze bidhaa yako iko mstari upi. Na ikibidi kupinga baadaye, barua yako ipelekwe ikiwa na nakala, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana zile siku 30 za Kamishna utazihesabu kuanzia tarehe ya muhuri huo.