Serikali Ikifunga Mkanda Uchumi Ukiwa Chini

Mwanzoni mwa 1937 wengi Marekani waliamini kwamba uchumi uliokuwa mgonjwa umepona. Ukosefu wa ajira, uliokuwa takribani asilimia 25 mwaka 1933, ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 14. Rais Franklin Roosevelt, ambaye hakuwahi kuipenda nakisi ya bajeti, yaani matumizi kuzidi mapato, akaona sasa ni wakati wa kusawazisha mahesabu. Matumizi yakakatwa, makato mapya ya hifadhi ya jamii yakaanza kutolewa kwenye mishahara, na benki kuu nayo ikaongeza maradufu kiwango cha akiba ambacho benki zililazimika kukiweka bila kukikopesha. Kabla mwaka haujaisha uchumi ulikuwa unaporomoka tena, na 1938 ukosefu wa ajira ukarudi hadi karibu asilimia 19. Serikali ikalegeza mkono, uchumi ukaanza kuinuka.

Wachumi hawajaacha kubishana ni kosa lipi lilikuwa kubwa zaidi, la bajeti au la benki kuu. Yote mawili yalifanyika kwa pamoja, na hilo lenyewe ni jambo la kuzingatia, kama tutakavyoona.

Hoja ya kubana matumizi wakati wa mdororo, yaani uchumi unaposinyaa, hupata nguvu kutoka nyumbani. Familia ambayo kipato chake kimepungua hupunguza matumizi. Kwa nini serikali isifanye vivyo hivyo? Mfano huu unaeleweka upesi kwa sababu kila mtu ameuishi. Una tundu moja tu, ila ni kubwa. Familia ikipunguza manunuzi, mshahara wake hauguswi, kwa kuwa anayeilipa si yule iliyeacha kununua kwake. Serikali haiko hivyo. Inachotumia ni kipato cha watu, na kipato cha watu ndicho inachokitoza kodi.

Tuchukue mkataba mmoja wa kukarabati barabara uliositishwa. Kwenye vitabu vya hazina hiyo ni akiba, na siku ya kwanza ni akiba kweli. Wiki inayofuata mkandarasi anapunguza vibarua na kurudisha mashine alizokodi. Mwenye mashine anaahirisha kununua nyingine. Kibarua aliyeachishwa anaacha kulipa kodi ya mapato, ananunua kidogo dukani, na kama nchi yake ina mafao ya wasio na kazi, anapanga foleni kuyadai. Sehemu ya ile akiba inarudi hazinani ikiwa pengo la makusanyo, na nyingine inatoka kama mafao. Uchumi ukiwa na afya, kibarua huyo hupata kazi kwingine baada ya muda mfupi. Kwenye mdororo hakuna kwingine.

Ukubwa wa athari hii wachumi huuita kizidishi: serikali ikikata 1, pato la taifa linapungua kwa kiasi gani? Hesabu yake inafaa kufanywa kwa vidole. Tuseme nchi ina pato la 100 na deni la 100, yaani deni ni asilimia 100 ya pato, na kati ya kila 100 za pato serikali hukusanya 40. Inakata matumizi ya 3. Kizidishi kikiwa 0.5, pato linashuka kwa 1.5, makusanyo yanapungua kwa 0.6, na akiba halisi ni 2.4. Deni linakuwa 97.6 juu ya pato la 98.5, ambalo ni kama asilimia 99. Mzigo umepungua kidogo. Sasa kizidishi kiwe 1.5. Pato linashuka kwa 4.5, makusanyo yanapungua kwa 1.8, na akiba inabaki 1.2 tu. Deni ni 98.8 juu ya pato la 95.5: zaidi ya asilimia 103. Nchi imejibana, imepoteza ajira, na mzigo wa deni umekuwa mzito kuliko ilivyoanza. Athari hii inaweza kupungua miaka ya mbele uchumi ukirudi, lakini wanaokopesha huangalia takwimu za mwaka huu.

Ndiyo maana ubishi mzima unaishia kwenye swali la ukubwa wa kizidishi. Mwishoni mwa 2012 Shirika la Fedha la Kimataifa lilifanya jambo ambalo taasisi kubwa hazipendi kulifanya: lilirudi kukagua utabiri wake lenyewe. Likakuta kwamba utabiri wa nchi nyingi ulikuwa umejengwa juu ya kizidishi cha karibu 0.5, ilhali tangu mtikisiko wa fedha wa 2008 kiwango halisi kilionekana kuwa kati ya 0.9 na 1.7. Sisi tunaoishi kwa kutabiri tunajua namba moja ndogo kama hiyo inavyoweza kujificha ndani ya jedwali bila mtu kuiuliza.

Ugiriki ndiko hesabu hiyo ilikouma. Nakisi ya 2009 ilizidi asilimia 15 ya pato, wakopeshaji wakakimbia, na Mei 2010 nchi ikapewa mkopo wa euro bilioni 110 kwa sharti la kukata matumizi na kupandisha kodi. Hadi 2013 pato lilikuwa limepungua kwa takribani robo, na ukosefu wa ajira ulizidi asilimia 27. Deni, lililokuwa karibu asilimia 127 ya pato mwaka 2009, lilikaribia asilimia 180 mwaka 2014, licha ya wakopeshaji binafsi kusamehe sehemu kubwa mwaka 2012. Kwa haki yake, Ugiriki haikuwa na njia rahisi. Asiyekopesheka hawezi kutumia fedha asizo nazo. Lakini kati ya kukata kidogo kidogo na kukata kwa shoka kulikuwa na nafasi, na nafasi hiyo iliamuliwa na waliotoa mkopo.

Upande wa pili una mifano yake, na si ya kubeza. Kanada ilikata matumizi kwa nguvu katika bajeti ya 1995, na ndani ya miaka mitatu ikawa na ziada ya bajeti. Uchumi haukuanguka. Ukitazama kwa karibu, mdororo wake ulikuwa umekwisha miaka kadhaa nyuma, riba zilikuwa na nafasi ya kushuka, sarafu yake ilikuwa imedhoofika, na jirani yake mkubwa, Marekani, alikuwa ananunua kwa wingi. Serikali ilipojiondoa sokoni, wanunuzi wengine walikuwa tayari wameingia. Ireland mwishoni mwa miaka ya 1980 ina hadithi ya aina hiyo hiyo: ilishusha thamani ya sarafu yake 1986, ikaanza kukata 1987 huku masoko ya nje yakistawi.

Hapo ndipo ninapoliona jibu. Kukata kunavumilika pale penye mtu mwingine wa kujaza pengo, awe mkopaji wa ndani anayevutwa na riba iliyoshuka au mnunuzi wa nje. Mwaka 1937 benki kuu ilikaza pamoja na bajeti. Ugiriki, iliyotumia euro, haikuwa na sarafu yake ya kushusha thamani, na wateja wake wa Ulaya nao walikuwa wanajibana.

Latvia, nchi ndogo ya Ulaya, hutajwa kama ushahidi kwamba hata bila kushusha thamani ya sarafu mambo yanawezekana. Pato lilianguka kwa takribani asilimia 14 mwaka 2009 pekee, mishahara ya watumishi wa umma ikakatwa, na kufikia 2011 uchumi ulikuwa unakua tena. Mwaka 2014 ikaingia kwenye euro. Yote ni kweli. Ila sensa ya 2000 ilihesabu watu wapatao milioni 2.38, na ya 2011 milioni 2.07. Si wote waliopungua kwa sababu ya mdororo, lakini wengi waliondoka kutafuta kazi nchi nyingine za Ulaya, na aliyeondoka hahesabiwi tena kama asiye na ajira.

Vipi kuhusu imani ya wakopeshaji? Hofu ni kwamba nchi isipojibana riba itapaa. Hofu hiyo ina msingi, lakini Julai 2012 ilionyesha upande wake mwingine. Mario Draghi, wakati huo rais wa Benki Kuu ya Ulaya, alitangaza London kwamba benki ingefanya kila linalohitajika kuilinda euro. Riba za hatifungani, yaani hati za mikopo ya serikali, za Hispania na Italia zikaanza kushuka, ingawa kati ya asubuhi na jioni ya siku ile hakuna bajeti iliyokuwa imebadilika.

Kuna jambo jingine ambalo namba za jumla hulificha: nini hasa kinakatwa. Pensheni na mishahara ina wenyewe, na wana sauti. Matengenezo hayana. Julai 2010 serikali mpya ya Uingereza ilifuta mpango wa kujenga upya shule za sekondari, na miradi ya shule zaidi ya 700 ikasimama. Mwishoni mwa Agosti 2023, siku chache kabla ya muhula kuanza, shule zaidi ya 100 ziliambiwa zifunge majengo au sehemu za majengo kwa sababu ya zege jepesi linaloweza kubomoka bila dalili. Zege hilo liliwekwa miongo kadhaa kabla, na si haki kuutupia uamuzi wa 2010 lawama yote. Lakini gharama ya majengo hayo haikuwahi kuonekana kwenye jedwali la deni la taifa, mwaka wa kukata wala miaka iliyofuata, na wanafunzi wa baadhi ya shule hizo walianza muhula wakisoma kwenye madarasa ya muda.