Mti Uliopinda: Mengzi, Xunzi na Aristotle juu ya tabia ya mtu

Neno tabia lina ujanja wake. Tukisema "ana tabia nzuri" tunasifu mwenendo. "Ana tabia ya kuchelewa" ni mazoea. Na "tabia ya maji ni kuteremka" ni maumbile, maana ambayo neno lilikuja nayo kutoka Kiarabu. Mwanafunzi akiniuliza kama tabia njema huzaliwa au hufundishwa, namuuliza kwanza: ipi kati ya hizo?

China na Ugiriki ya kale walilihangaikia swali hilo karibu wakati mmoja, pasipo kujuana. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, aliishi kati ya 384 na 322 KK; Mengzi, mfuasi wa mafundisho ya Confucius, mwalimu mkuu wa China ya kale, alizaliwa yapata 372 KK. Siku hizi utasikia kwamba Wachina waliamini moyo mwema na Wagiriki waliamini akili. Si kweli hivyo. Wachina wenyewe walibishana vikali, na sehemu ya ubishi huo ilihusu kipande cha mti.

Gaozi, mwanafikra Mchina aliyebishana na Mengzi, alidai kwamba maumbile ya mtu ni kama mti wa mwerebi, na wema ni kama vikombe na bakuli zinazochongwa kutokana na mti huo. Mengzi akamuuliza: je, kikombe hakipatikani kwa kuukata na kuujeruhi mti? Basi na mtu naye ajeruhiwe ili awe mwema? Watu wakisadiki hayo, wataona wema ni balaa.

Mengzi mwenyewe alitoa mfano wa mtoto mchanga anayekaribia kutumbukia kisimani. Yeyote akimwona ghafla atashtuka na kumhurumia, kabla hajawaza shukrani za wazazi wala sifa za majirani. Angalia: Mengzi hasemi kila mtu atakimbia kumwokoa. Anasema moyo utashtuka tu. Huruma hiyo ni chipukizi la ren, neno ambalo naona "utu" wetu unalifaa kuliko tafsiri nyingi. Na chipukizi halilazimishwi. Mengzi asimulia: mkulima mmoja wa Song, dola ya China ya kale, kwa pupa, aliivuta miche yake juu ili irefuke, akarudi nyumbani hoi akijisifu kuwa ameisaidia kukua. Mwanawe alipokimbilia shambani aliikuta imenyauka.

Katika karne ya 3 KK akaja Xunzi, naye ni Mkonfusio vilevile, akasema maumbile ya mtu ni mabaya. Hakuwa na maana ya ushetani. Tunazaliwa na tamaa, na tamaa zikiachwa huru huzaa ugomvi. Mti uliopinda, asema, haunyooki mpaka upashwe mvuke na kubanwa. Chuma butu hakikati mpaka kinolewe. Mvuke na kibano ni mwalimu pamoja na li, yaani taratibu za adabu na ibada zilizowekwa na wahenga. Wema ni kazi ya mikono ya watu.

Hapa ndipo Aristotle hushangaza. Anasema fadhila, yaani sifa njema za tabia, haziji kwa maumbile, wala si kinyume cha maumbile. Jiwe ulirushe juu mara elfu kumi, halitazoea kupaa; mtu yeye huzoea. Huwa mwashi kwa kujenga, huwa jasiri kwa kutenda ya kijasiri. Kigiriki nacho kina ujanja kama wetu: ethos kwa e fupi ni mazoea, kwa e ndefu ni tabia. Kisha naye anautaja mti uliopinda! Mtu atazame ameelemea wapi, ajivute upande wa pili, kama wanyooshao vijiti.

Kwa mvuke na kibano, basi, Xunzi yuko karibu na Mgiriki huyu kuliko alivyo na Mengzi. Ila kwa Xunzi binadamu wote tumepinda namna moja, na dawa ni moja. Kwa Aristotle kila mtu ana mpindo wake: mwoga ajivute kuelekea uthubutu, mwenye pupa ya hatari ajivute nyuma.

Swali la nani anaweza kunyooshwa lawatenga upya. Aristotle aliandika kwamba wako watu walio watumwa kwa maumbile, na kwamba fadhila ya mwanamke si sawa na ya mwanamume. Mengzi alikubali kwamba yeyote aweza kuwa kama Yao na Shun, wafalme wema wa kale. Na Xunzi, huyohuyo wa maumbile mabaya, alisema mtu yeyote wa njiani aweza kuwa kama Yu, mfalme mwema mwingine wa kale.