Je, wajua kwa nini duka la mwenzako linatokea kwanza Google na lako halionekani?

Mtu yuko Mbagala, kapata chumba, anataka kitanda. Anashika simu, anaandika: "kitanda tano kwa sita mninga bei". Pale Keko, Dar es Salaam, mafundi samani ni wengi, ila kwenye simu yake watatokea wachache tu. Wengi wetu hudhani hao wamelipia. Wapo wanaolipia kweli, na Google huwaonyesha kwamba ni matangazo. Lakini majibu ya kawaida hayauzwi. Kazi ya kuusaidia ukurasa wako upate nafasi humo ndiyo inayoitwa SEO, na sehemu yake kubwa haihitaji ujuzi wa kompyuta.

Unapotafuta kitu, Google haianzi kuzunguka mtandaoni dakika ileile. Programu yake, Googlebot, ilishapita mapema ikifuata linki hadi linki, yaani viungo vya kubofya vinavyokupeleka ukurasa mwingine, na kurasa ilizozisoma zikaingizwa kwenye faharasa, mfano wa ile ya mwisho wa kitabu: neno fulani, ukurasa fulani. Usipokuwemo humo, hutokei. Kujua kama umo, andika kwenye Google "site:" kisha anwani ya tovuti yako, bila kuacha nafasi.

Sasa maneno, maana hapa ndipo wateja wanapopotea, na inauma kwa sababu dawa yake ni ya bure. Fundi anatengenezewa tovuti, kichwa cha ukurasa wa kwanza kinaandikwa "Karibu". Chini yake: "Sisi ni watoa huduma bora wa samani za kisasa." Neno kitanda halimo. Mninga haumo. Tano kwa sita haimo. Vipimo na bei vimo ndani ya picha ya bango, wakati Google hutegemea zaidi maandishi ya kawaida kuliko yaliyochorwa kwenye picha. Yule mtu wa Mbagala na huyu fundi wanahitajiana, lakini hawatumii maneno yaleyale.

Fungua WhatsApp ya biashara yako, soma maswali ya wateja ishirini wa mwisho. Wanasema "kabati la milango mitatu", wanauliza "mnaleta mpaka Chanika?" Yachukue maneno hayo jinsi yalivyo. Kila bidhaa ipe ukurasa wake, na kichwa kiseme kitu chenyewe: "Vitanda vya mninga 5x6 na 6x6, Keko". Kichwa hicho ndicho mara nyingi mteja hukiona kwanza kwenye majibu. Usirudie neno moja mara hamsini ukidhani utapanda. Google huihesabu hiyo kuwa hila.

Halafu kuna linki. Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Stanford, walianzisha Google mwaka 1998 wakiwa na wazo kwamba tovuti inayokuelekezea watu ni kama jirani anayekutajia fundi: uzito wa neno lake unategemea yeye mwenyewe anaaminikaje. Leo vinapimwa vitu vingi zaidi, lakini hilo bado limo. Linki za kununua usiziguse.

Mwenye duka la mahali ajiandikishe pia kwenye Google Business Profile. Ni bure, na ndiyo inayokuonyesha kwenye ramani. Weka saa za kazi, simu, na picha za kazi zako halisi.

Matokeo huchukua wiki, pengine miezi. Anayekuahidi nafasi ya kwanza kwa uhakika, mkimbie. Google yenyewe inasema hakuna awezaye kuahidi hivyo. Badala yake fungua Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, nacho ni bure, uone watu waliandika nini hadi ukurasa wako ukatokea. Ukikuta wengi waliandika "meza ya chakula viti sita", na wewe meza hizo umezigusia kwa mstari mmoja tu, basi ukurasa wa kuandika wiki hii umeshaupata.