Je, wajua kwa nini wavu wa tiara huchanika kando ya mshono?

Chukua tiara ya michezo iliyomaliza msimu mzima wa kusi pwani ya Malindi, uitandaze mezani na kuzikagua sehemu zake za wavu. Ukikuta mpasuko, mara nyingi hautakuwa katikati, pale wavu unapoonekana mwepesi kabisa. Utakuwa umeufuata mshono, milimita moja au mbili kando yake, umenyooka kana kwamba mtu amepitisha wembe. Ajabu yake ni kwamba mshono ndio mahali tunapopaamini kuliko pote, kwa kuwa una kitambaa mara mbili na uzi juu yake. Kumbe uimara huo huo ndio unaouponza wavu.

Hapa sisemi ile tiara ya watoto, ya gazeti na njiti za chelewa, ambayo ikichanika asubuhi jioni imeshaundwa nyingine. Nasema ile ya kamba mbili, moja kila mkono, ambayo ukivuta ya kulia inageuka kulia, ukivuta ya kushoto inageuka kushoto, na ukijua kazi yako unaiandikisha duara na pembe angani. Mwingereza Peter Powell ndiye aliyeufanya mchezo huo upendwe sana kwa tiara aliyoibuni mwaka 1972. Nyingi za leo zina umbo la pembetatu pana, na asili yake inarudi kwa bawa laini lisilo na fremu nzito walilolibuni Francis Rogallo na mkewe Gertrude nchini Marekani mwaka 1948. Vijiti vyake ni vya kaboni. Tanga lake ni la nailoni au poliesta nyepesi mno, kama gramu 30 hadi 40 kwa mita moja ya mraba, iliyofumwa kwa kuingizwa uzi mnene kila baada ya milimita chache. Mpasuko ukianza, hugonga uzi ule mnene na mara nyingi huishia hapo.

Wavu unaingiaje basi? Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Tiara inayokuvuta kwa raha upepo ukiwa kilomita 15 kwa saa itakuburura mchangani ukifika 30, au itavunja kijiti. Kusi ikishika sawasawa katikati ya mwaka, hali hiyo haiko mbali hapa Malindi. Kwa hiyo watengenezaji hukata vipande vya tanga, hasa karibu na ukingo wa mbele na uti wa kati, wakaweka wavu mahali pake. Upepo fulani hupenya, tiara hupunguza mbio na mvuto, na anayeirusha hubaki amesimama. Tukumbuke jambo moja: tiara yenye wavu haitoki nyumbani siku ya upepo mwanana. Kila saa ya maisha yake angani ni saa ya upepo mkali.

Turudi kwenye mshono. Wavu wenyewe hauna ule uzi mnene wa kuzuia mpasuko, lakini una kinga nyingine: unanyumbuka. Ukiuvuta kwa mshazari, matundu yake ya mraba yanageuka kuwa almasi, nyuzi zinasogeleana, na mzigo unagawanywa kwa nyuzi nyingi. Ndiyo sababu katikati husalimika. Pembeni, nyuzi zile zimefungwa. Sindano imezishonea kwenye kitambaa kigumu ambacho hakinyumbuki, hivyo haziwezi kusogea kumsaidia jirani. Uzi ulioko pale unabeba fungu lake lote peke yake, na huenda sindano yenyewe ilishaujeruhi siku tiara iliposhonwa.

Juu ya hayo kuna kupigapiga. Tiara ikikata kona, wavu hutetemeka mara nyingi kwa sekunde. Kitambaa kinachotetemeka hujikunja pale ambapo ugumu unaishia, na ugumu unaishia ukingoni mwa mshono. Kila mtetemo hukikunja kwenye mstari ule ule, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja mpaka ukatike. Basi mpasuko unaonyooka kando ya mshono hauna maana kwamba mshonaji alikuwa mvivu. Mara nyingi una maana kwamba alikuwa na bidii kupita kiasi: mishono midogo midogo, imebanana, na uzi umekazwa.

Ukilielewa hilo, utajua kwa nini viraka vingi havidumu. Mtu huona tundu, akachukua kitambaa kinene kuliko wavu, akakishona pande nne kwa mishono ya karibukaribu, akaridhika. Ametengeneza ukingo mgumu mpya mahali ambapo wavu ulikuwa bado mzima, na baada ya siku chache za kusi mpasuko unauzunguka ukingo huo. Kiraka kizuri cha wavu kinatakiwa kiwe dhaifu kiasi cha kufanana na majirani zake. Najua hilo linamkera fundi yeyote anayejivunia kazi yake, lakini ndivyo ilivyo.

Mkanda wa gundi je? Juu ya tanga zima, ule mkanda maalumu wa kitambaa cha tiara hufanya kazi vizuri sana, na mpasuko mdogo unaweza kukaa nao miaka. Juu ya wavu habari ni nyingine. Sehemu kubwa ya wavu ni hewa, kwa hiyo gundi inakosa pa kushika. Hata pale penye uzi inagusa mgongo tu, maana uzi ni mviringo. Gundi iliyoachwa wazi kwenye matundu nayo inaokota mchanga siku ile ile, na upepo unaopenya kutoka nyuma unausukuma mkanda ubanduke. Ukiwa ufukweni na huna budi, bandika mkanda pande zote mbili, kipande kikabiliane na kipande, ili gundi ikutane na gundi kupitia matundu. Zungusha pembe zake kwa mkasi, kwa kuwa pembe kali ndiyo inayoanza kuinuka. Utakurudisha nyumbani. Ukifika, ubandue kabla jua halijaikausha gundi ikawa utando wa kahawia usiotoka.

Kazi yenyewe ni ya cherehani, na fundi wa nguo yeyote mjini anaweza kuifanya akielekezwa. Osha kwanza, kausha kivulini, kisha utandaze wavu mezani bila kuuvuta, kwa sababu ukishona wavu uliovutwa utajikunyata ukiachiwa na bawa litakaa upande. Kata nyuzi zilizoning'inia tu. Usilipanue tundu ili lipate umbo zuri. Kipande cha kiraka kikatwe kutoka wavu wa aina ile ile, nyuzi zake zielekee kule kule zinakoelekea nyuzi za wavu wa asili, na kizidi tundu kwa kama sentimita moja kila upande, pembe zikiwa za mviringo. Uzi uwe wa poliesta, si wa pamba: pamba hunywa maji, huoza na hukatika mapema. Sindano iwe nyembamba na mpya, namba 70, au 10, kama inavyoandikwa kwenye pakiti nyingi.

Hapa ndipo mabishano huanza. Ukimwambia fundi, "Fundi, nipigie zigizaga, mishono mirefu ya milimita tatu, na uzi usikaze," atakutazama kwa huruma. "Mshono mrefu utafumuka, mwanangu." Kwa suruali ana haki. Kwa wavu, zigizaga inanyumbuka pamoja na kitambaa, na mishono mirefu inatoboa mara chache. Mwombe pia aweke karatasi ya gazeti chini ya wavu kabla ya kushona. Meno ya cherehani hushika karatasi badala ya kuunyonya wavu ndani ya tundu la sindano, na baadaye karatasi inachanwa taratibu ikatoka. Ni ujanja mdogo, lakini bila huo nyavu nyingi hutafunwa na mashine.

Ikiwa mpasuko ndio ule wa kando ya mshono, kiraka si jibu. Fumua mshono wa zamani kwa urefu wa mpasuko na sentimita chache zaidi kila upande. Funika ukingo wa wavu kwa utepe mwembamba wa poliesta, kisha ushone upya, ila mstari mpya usipite kwenye matundu ya sindano ya zamani. Utepe ukiisha, usiishe ghafla kwa ncha ya mraba. Ukate kwa mshazari ili ugumu upungue polepole. Kidokezo hicho kimoja kina thamani kuliko mishono mia.

Kingo za poliesta zinaweza kuzibwa kwa moto zisifumuke, na watengenezaji wa tiara hutumia chuma cha kulehemu nyaya kukata na kuziba kwa mpigo mmoja. Kiberiti cha gesi usikiguse. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 260 hivi, na mwali wa moto una joto kubwa mno kuliko hilo. Kabla hujapepesa jicho tundu limekuwa kubwa mara tatu, na ukingo umekuwa shanga ngumu, yaani ule ule ugumu tunaoukimbia.

Wavu wa kiraka upatikane wapi? Bora ni kununua kipande kidogo pale tiara ilikonunuliwa, kwani hutahitaji zaidi ya robo mita. Vya mtaani vina kasoro zake. Chandarua cha mbu kinavutia kwa kuwa nacho aghalabu ni cha poliesta, lakini uzi wake ni mwembamba, matundu yake ni madogo, na vingi vimetiwa dawa ya kuua wadudu usiyoitaka mikononi. Wavu wa gunia la vitunguu ni wa plastiki inayoteleza: mshono haushiki, na hurefuka ukivutwa usirudi tena. Wavu wa kuvulia samaki una mafundo, na kila fundo ni donge linalosugua kitambaa cha jirani. Kama nikilazimishwa kuchagua, ningetafuta wavu wa poliesta wa begi kuukuu la michezo, mradi matundu yake yakaribiane na ya tiara.

Ukubwa wa matundu si urembo. Ukiziba dirisha la wavu la bawa la kushoto kwa kitambaa kisichopitisha hewa, bawa hilo linashika upepo zaidi kuliko la kulia, na tiara itakwenda upande hata mikono yako ikiwa sawa. Tundu dogo kama sarafu halitatambulikana. Kiraka cha upana wa kiganja utakihisi upepo ukikaza, na dawa yake ni kuweka cha namna hiyo hiyo upande wa pili, mahali pale pale, hata kama upande huo ni mzima.

Kuhusu kuutunza, Malindi ina mitihani yake. Upepo wa baharini ni mzuri kwa kuruka kwa sababu haujagonga majengo, ila unakuja na marasharasha ya maji yenye kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Maji yanakauka, chumvi inabaki kwenye maungio ya nyuzi ikiwa chembe zenye pembe. Mchana zinasaga uzi kila wavu unapotetemeka. Usiku, unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, zinavuta maji, na tiara uliyoiweka kavu unaikuta na unyevunyevu. Kuna mchanga pia. Mto Sabaki humwaga tope na mchanga wa bara baharini kaskazini mwa mji, na ufuo kuelekea Mambrui una mchanga mlaini unaopeperuka na kujipenyeza kwenye kila tundu. Kwa hiyo kung'uta kwanza ikiwa kavu, kisha suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya mfereji au ya mvua yanafaa, lakini ya kisima onja kwanza. Sabuni laini kidogo tu ikiwa pana doa, na dawa ya kung'arisha nguo isikaribie.

Jua halina msamaha. Tuko kama nyuzi tatu kusini mwa ikweta, na miale ya jua hukata minyororo ya nailoni na poliesta polepole, nailoni ikitangulia. Ukipumzika usiiache tiara imelala ikipigwa na upepo na jua kwa saa nzima. Chomoa vijiti vyake, ikunje kwa kuizungusha bila kukandamiza mikunjo, uitie mfukoni mwake. Usiiweke nyuma ya gari lililofungwa mchana kutwa.

Kabla ya kutumia pesa kwa fundi, jaribu uzi mmoja kwenye ukingo wa mpasuko. Uvute kwa kucha. Ukikatika bila ubishi, au wavu ukisuguliwa unatoa unga, basi jua limeshaumaliza, na hakuna kiraka kitakachopata pa kushika. Hapo badilisha dirisha zima. Badilisha na lile la bawa la pili siku hiyo hiyo, kwa sababu wavu wa zamani umeshalegea, na tiara yenye wavu mpya upande mmoja itakuchosha mkono mmoja kila ukiirusha.