Mguu wa LED Ukikatika: Usiitupe, Wala Usikimbilie Kuiwasha

Meza yetu ya ukaguzi siku hizi inajaa taa ambazo hazikufa zenyewe. Zimeuawa na aliyejaribu kuzitengeneza. Nyingi ni LED za wati 1 na wati 3, zile zenye kuba la silikoni juu na miguu miwili ubavuni. Mguu mmoja ulikatika, mwenye taa akashika solda, kile chuma cha moto cha kuungia, kwa nia njema, na kasoro ndogo ikaishia kuwa msiba.

Mguu kukatika si LED kufa. Hukatikia pale unapotokea kwenye plastiki, kwa kuwa umekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Ndani, nyuzi zinazofikisha umeme kwenye chipu, nyembamba kuliko unywele, mara nyingi bado ni nzima. Lakini zinapita ndani ya lile kuba laini, kwa hiyo ukilibana kwa koleo unazikata mwenyewe.

Kwa wembe, kwangua plastiki taratibu hadi kisiki cha mguu king'ae, walau milimita moja. Kisha gusisha betri ya kitufe ya volti 3, chanya kwa chanya. LED nyeupe ikimulika hata kwa unyonge, ni hai. Multimita, yaani kipima umeme, isipoiwasha, huo si ushahidi wa kifo: nyingi hazitoi volti za kutosha.

Sasa flaksi kidogo (dawa inayosaidia kiungo kushika), risasi kidogo ya kuungia, na uzi mmoja tu wa waya uliokwisha kupakwa risasi. Ncha ya solda iwe kati ya nyuzi joto 320 na 350, na mguso usizidi sekunde 2 au 3. Haikushika? Ondoa, acha ipoe, rudia. Wengi hufanya kinyume: wanang'ang'ania. Ukiona kisiki kinaanza kuelea ndani ya plastiki iliyolainika, umechelewa. Kimeshavuta ule uzi wa ndani. Ikishika, funika kiungo kwa gundi ya epoksi na uache waya ulegee kidogo.

LED ikiwa bado imekaa kwenye bamba la alumini, usilaumu solda kwamba haina nguvu. Bamba limetengenezwa kunyonya joto, nalo linafanya kazi yake. Litenge na hitisinki, kile chuma cha kupoza, ulipashe kwanza kwa chini.

Kuhusu moshi unaotoka wakati wa kuunga, ambao wengi hudhani ni wa madini ya risasi, tumeeleza hadi tumechoka: si wa risasi. Ni flaksi inayoungua, nayo inaweza kuchochea pumu, kwa hiyo fungua dirisha. Risasi yenyewe huingia mwilini kwa mikono isiyonawa. Waya wa kuungia wenye mchanganyiko wa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwa nyuzi 183. Ule usio na risasi, kwenye 217 hivi, hivyo ni mgumu zaidi kwa kazi hii.

Sasa utaratibu wa kuwasha, ambao sisi hatuupunguzi hata hatua moja. Draiva, kifaa kinachoilisha LED umeme, ichomolewe kwenye umeme. Volti za mdomo wake zipimwe hadi zishuke karibu na sifuri, ziandikwe kwenye fomu. LED iungwe, chanya na hasi vikaguliwe na mtu wa pili, asaini. Ndipo umeme urudi. Sababu ni kwamba draiva ya mkondo thabiti isipokuwa na mzigo hupandisha volti hadi kikomo chake, na kapasita, kile kijenzi kinachotunza chaji, hujaa. Ukiunga LED wakati huo, chaji yote inaishukia kwa mpigo: mmweko mmoja, kisha giza. Fundi wetu akiruka hatua hiyo, kazi haipokelewi. Fomu inafutwa, anaanza upya. Nawe ukifungua taa ambayo bado ina dhamana, kwa kawaida dhamana hiyo umeiaga.

Kuna draiva zisizotenganishwa na umeme wa ukutani. Kwenye taa ya namna hiyo, tone moja la risasi lililomwagikia alumini linatosha kulifanya gamba la nje kuwa na umeme wa kuua. Kwa hiyo mwisho tunapima kama kuna njia ya umeme kati ya miguu ya LED na gamba la nje. Tunasema gamba, si kitako cha LED, maana kwenye baadhi ya aina kitako kimeunganishwa na mguu mmoja tangu kiwandani. Kipimo hicho kisipoonekana kwenye fomu, taa haitoki hapa, hata mwenyewe aje na mkubwa wake.